Waziri akiulizwa kuhusu barabara, hesabu ya peaji iko wapi?

Kila mwaka mambo ni yale yale. Mvua inakolea, lori zinakwama kwenye barabara ya kitaifa namba 4 kati ya Beni na Komanda, picha zinazunguka kwenye WhatsApp, na mbunge fulani kule Kinshasa anaandika swali kwa waziri wa miundombinu. Waziri anafika Palais du Peuple, anasikiliza, anaomba muda wa kutayarisha majibu, anarudi, anasoma. Wabunge wanapokezana kipaza sauti, wengine wanapiga makofi. Kisha kila mtu anaenda nyumbani kwake, na lori bado ziko ndani ya matope.

Si kweli kwamba wabunge hawaulizi. Wanauliza, na wengine wanauliza kwa uchungu wa kweli. Shida iko kwenye swali lenyewe. Mbunge akiuliza "barabara itatengenezwa lini?", waziri anajibu kwa ahadi, na ahadi haina gharama. Angeuliza "feza iliyokusanywa mwaka jana kwenye kizuizi hiki ilienda kwenye kilomita gani?", waziri angelazimika kuleta karatasi.

Maana feza ya barabara ipo. Sheria ya Julai 2008 iliunda mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER. Mfuko huo haungoji zawadi ya wazungu wala huruma ya Kinshasa. Unakula sehemu ya bei ya kila lita ya mafuta inayouzwa nchini, na unakusanya ushuru wa barabara, ule ambao madereva wanauita peaji. Mwanamotari akijaza tangi asubuhi ameshalipa. Fuso ikipita kwenye kizuizi imelipa tena. Mwenye fuso hatoi feza hiyo mfukoni mwake: anaiweka juu ya gunia la unga, juu ya maharagi, juu ya chumvi.

Kwa hiyo hata mama aliyekimbia vita na godoro moja kichwani, ambaye leo analala na watoto wake kwa familia iliyompokea Oicha au Butembo, naye ni mlipa kodi wa barabara. Analipa kila siku anapoenda sokoni. Hakuna anayempa risiti. (Vizuizi vingine vyote, vile vya kamba na fimbo visivyo na jina katika bajeti yoyote, hivyo vingehitaji makala yake.)

Serikali ina jibu lake la siku zote: nchi ni kubwa, feza ni kidogo. Ni kweli. Congo inahesabu zaidi ya kilomita 150 000 za barabara za kila aina. Kati yake, kama kilomita 58 000 ziko mikononi mwa Office des Routes, na zaidi ya nusu ya jumla ni njia za mashambani ambako mihogo na ndizi zinaozea. Lakini mtu mwenye franga kidogo ndiye anayezihesabu mara mbili.

Sasa, nani anahesabu kwa niaba ya Kivu Kaskazini? Hapa ndipo mambo yanauma. Kawaida kuna ngazi mbili: bunge la jimbo linamuuliza gavana, bunge la taifa linamuuliza waziri. Tangu Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Gavana ni mwanajeshi, na wabunge wa jimbo wamewekwa pembeni. Ngazi ya kwanza imeondolewa. Inabaki ya pili. Na katika ngazi hiyo ya pili, wilaya za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita. Watu wa wilaya hizo mbili ndio waliojaza kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma, kisha wakatawanywa tena vita ilipoingia mjini Januari 2025. Waliopoteza barabara, shamba na nyumba ndio hao hao waliokosa nafasi ya kumchagua mtu wa kuuliza.

Barabara ya Goma, Rutshuru na Bunagana inaonyesha jambo hilo vizuri. Tarehe 16 Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua pale Mpondwe kazi ya kilomita 223: kama 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 kutoka Beni hadi Butembo, na 89 kutoka Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma. Hesabu iliyotangazwa ilikuwa zaidi ya dola milioni 330. Uganda ingetoa sehemu moja ya tano, Congo vilevile, na kampuni ya ujenzi ingetafuta kiasi kilichobaki, halafu ijilipe kwa peaji baadaye. Mwaka mmoja hata haujatimia, Juni 2022, Bunagana ikaangukia mikononi mwa M23, na kipande cha Rutshuru kikasimama.

Kule Kampala, shilingi bilioni 200 za nyongeza kwa ajili ya barabara hizo zilipita bungeni, na kulikuwa na wabunge waliopiga kelele: kwa nini mlipa kodi wa Uganda ajenge barabara ya jirani wakati zake zina mashimo? Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwakatalia. La maana ni kwamba kiasi kilitajwa, kikabishaniwa, na raia akakisikia. Je, mkaaji wa Kasindi akitaka kujua Kinshasa imeshatoa ngapi katika sehemu yake, aende kwa nani? Na zile kilomita 89 zilizosimama, feza iliyopangwa kwa ajili yake inalala wapi? Peaji ya kuilipa kampuni itakuwa ngapi kwa fuso, ngapi kwa motari, na kwa miaka mingapi? Maswali hayo hayahitaji hotuba ndefu.

Watetezi wa serikali watasema vita haitengenezi barabara, na mtambo hauwezi kufanya kazi chini ya risasi. Wana haki kwa sehemu. Hakuna anayemdai waziri apeleke lami mahali asipoweza kupeleka hata polisi. Ila vita haikuzuia makato kwenye lita ya mafuta, wala haikufunga vizuizi vya peaji katika maeneo yaliyo chini ya serikali. Penye nguvu ya kukusanya hapakosi nguvu ya kuandika.

Na wabunge wasiseme hawana silaha. Ibara ya 138 ya Katiba inawapa swali la mdomo au la maandishi, swali la hali ya sasa, interpelasyo, tume ya uchunguzi, na kuwaita wakuu wa mashirika ya serikali mbele ya kamisyo. Swali la mdomo, lile linalopendwa sana kwa sababu televisheni inakuwepo, linaisha bila kura. Tume ya uchunguzi inaweza kufungua madaftari ya FONER. Na waziri akikataa kutoa hesabu, ibara ya 146 inasema sahihi za wabunge mmoja kwa kumi zinatosha kuleta hoja ya kutokuwa na imani naye. Katika bunge la watu 500, hizo ni sahihi 50. Kivu, Ituri na Tshopo pekee zingeweza kuzitafuta wakati wa chakula cha mchana.

Tena kila mwaka Mahakama ya Hesabu inatakiwa kuleta hesabu ya taifa mbele ya Bunge pamoja na maoni yake. Siku hiyo viti vingi hupoa kuliko siku ya kugawana bajeti mpya. Bajeti ni ndoto, inapendeza. Hesabu ya mwaka uliopita ni deni. Ikingojewa mahakama ya jinai, inakuwa kuchelewa: Juni 2020 wakuu wa ofisi mbili za serikali za barabara walihukumiwa Kinshasa juu ya feza ya programu ya siku 100, lakini hukumu haikuziba shimo hata moja.

Kikao cha Septemba, kile cha bajeti, kinafungwa tarehe 15 Desemba. Baada ya hapo wabunge wanarudi kwa wapiga kura wao, na wanatakiwa kuandika ripoti ya yale waliyoyasikia. Wengi watashuka kwa ndege pale Mavivi, na kutoka uwanjani hadi Beni mjini si mbali. Madereva wa fuso wa Beni wangependa mmoja wao apande nao hadi Komanda, siku ya mvua, akiwa na daftari. Waliokimbia Rutshuru na Masisi, ambao hawana mbunge wa kumngoja uwanjani, wanaweza kumngoja huyo huyo. Wamuulize kitu kimoja: kizuizi cha peaji kilicho karibu nao kilikusanya ngapi mwaka huu?