Muuguzi akisoma mpaka doktora, kosa liko wapi?

Katika vijiji vingi vya Kivu, kituo cha afya hakina daktari. Anayekiongoza ni muuguzi: anapima, anatoa dawa, anazalisha wamama, anaandika ripoti. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, wauguzi walikuwa kati ya wa kwanza kumgusa mgonjwa, na wengine walikufa.

Lakini muuguzi huyo akisema anataka kusoma mpaka doktora, watu wanamcheka: "Sasa anataka kuwa daktari?" Hapana. Daktari wa hospitali na mwenye doktora ni mambo mawili. Mwanasheria anaipata, mwanahistoria anaipata. Kwa nini muuguzi akatazwe?

Kuna hasara kubwa hapa. Katika vyuo vikuu vya Kongo, hakuna anayekuwa profesa bila doktora. Kama wauguzi hawaipati, wanafunzi wa ISTM wataongozwa katika utafiti na watu wa fani zingine, ambao hawakukesha hata siku moja karibu na mgonjwa. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Wengine wanasema muuguzi aliyesoma sana atawaacha wagonjwa. Wasidanganye watu: mshahara usiofika ndio unaowafukuza wauguzi kazini, si vitabu.

Serikali ifungue masomo hayo hata Bukavu, Goma na Lubumbashi, na itoe bursa. Anayeaminiwa na uhai wa kijiji kizima aaminiwe na kalamu pia.