Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila mkutano mkuu unapokaribia, pendekezo ni lile lile: tuanzishe shirika letu, tukapande miti nyumbani. Safari hii pendekezo limekuja na fedha mkononi, zile za chai na mandazi za usiku wa utamaduni, na sote tutapiga kura. Kabla hatujanyoosha mikono, safu yetu inawapeleka Gazi, mahali ambapo shirika dogo kweli lilizaliwa kutokana na upandaji miti.

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, na ghuba yake imezungukwa na mikoko. Wale kati yetu wenye asili ya Lamu, Unguja au Muscat wana udugu wa zamani na mti huu. Boriti za pwani ya Afrika Mashariki zilipakiwa majahazini hadi Arabuni na Ghuba, na vyumba vingi vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Babu zetu walilala chini ya mikoko bila kuiona ikiwa imesimama.

Lakini mti usiopumzishwa huisha. Katika miaka ya 1970 sehemu za msitu wa Gazi zilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani, na baadhi ya maeneo yakabaki matope matupu. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Marufuku ilizuia majahazi, ila haikurudisha miti.

Miti ilirudi kwa mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kazi hii ina elimu yake. Mlilana husimama mbele ukikabili bahari. Mkoko hufuata kwenye matope laini. Mkandaa hukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado juu ya mti mama, ikaning'inia kama kijiti kirefu, na mpandaji huichomeka topeni. Ukiichomeka pasipo pake, maji huja kuichukua. Sehemu nyingi duniani watu wamepanda mikoko kwa maelfu, wakapiga picha, wakaondoka, na miche ikafa. Mwenye kujua pa kuchomeka ni yule anayeyaona maji yakijaa na kupwa kila siku.

Tazameni sasa mpangilio wa mambo. Upandaji ulitangulia kwa miaka mingi. Kinamama wa Gazi nao wakawa na njia yao ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya msitu, ambayo wageni hulipa kidogo ili waipite. Mwaka 2013 ndipo ulipoanza rasmi mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Unatunza hekta 117 za mikoko, sehemu kubwa msitu wa asili na sehemu ndogo uliopandwa, na kuuza vyeti vya kaboni: takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mikoko inafaa biashara hii kwa sababu matope yake hayana hewa, hivyo mizizi na majani yanayozikwa humo huoza polepole mno, na kaboni hubaki chini.

Vyeti huuzwa mbali, na hapo ndipo shirika lilipohitajika. Linaitwa ACES, shirika la hisani lililosajiliwa Uskoti, lililotokana na ushirikiano wa watafiti wa Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier. Kazi yake ni kutafuta wanunuzi na kufikisha fedha. Kanuni za Plan Vivo, zinazosimamia vyeti hivyo, zinataka angalau asilimia 60 ya mapato iwafikie wanajamii. Matumizi huamuliwa na wanakijiji wenyewe. Kati ya mengine wamechagua maji na vitabu vya shule. Ili watu wasirudi kukata mikoko, hupandwa pia mivinje kwa kuni na nguzo. Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye mfano wake ukafuatwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Kuna wenzetu wanaosema biashara ya kaboni ni sabuni ya kumwogesha mchafuzi. Hoja hiyo ina uzito, nasi tuipime kwa safari zetu wenyewe. Safari ya ndege kutoka London hadi Nairobi na kurudi huweza kufikia tani moja au zaidi kwa abiria mmoja. Kwa hesabu hiyo, tani 3,000 zinamalizwa na ndege kama kumi hivi zilizojaa watu wanaokwenda likizo kama sisi. Msitu wa Gazi hauwezi kutusafisha, na asiyekubali hilo asitoe fedha zake. Thamani yake iko kwa wale wanaokaa kando yake: samaki wanaozaliana mizizini, pwani isiyoliwa na mawimbi, bomba linalotoa maji.

Ndiyo maana tunapendekeza tusianzishe shirika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apishe. Gazi shirika lilikuja mwisho, likiwa chombo cha kuvushia kazi iliyokwisha simama, na uamuzi ukabaki kijijini. Sisi tungeanza na jina, nembo na fulana, kisha tutafute matope ya kuchomeka bendera yetu.

Tunaomba kura mbili. Ya kwanza, fedha zipelekwe kwa kikundi cha pwani kilichokwisha kuwa kazini, bila bango la chama chetu. Ya pili, barua ya kwanza iwe ya kuuliza, na iandikwe kwa Kiswahili: mnahitaji nini, na je, mnatuhitaji? Huenda tukajibiwa kwamba hatuhitajiki, nasi tuwe tayari kulipokea jibu hilo.

Anayepinga aje mkutanoni na hoja zake, chai itakuwepo. Mjadala haujaisha, mkoko ndio kwanza unaalika maua.