Freze moja nzuri inashinda tano za bei ya chini

Ndugu wanamemba, mimi ni mulimaji wa kahawa kama ninyi, na tena ni fundi mbao wa koperative yetu. Kwenye mkutano uliopita watu waliniuliza sababu gani nilikataa zile freze ambazo kamati ilitaka kununua sokoni. Najibu hapa, maana jambo hili linagusa kahawa yetu sisi wote.

Kwa wale wasioijua: freze ni ile meshi fupi yenye kichwa kama koni. Ukiisha kutoboa mbao, inachimba kikombe kidogo kwenye mdomo wa tundu, ili kichwa cha visi kilale sawasawa na uso wa mbao. Iko kitu kidogo kuliko kidole. Lakini meza zetu za kukaushia kahawa zinategemea kazi yake.

Msimu uliopita tulikuwa na freze za bei ya chini, zenye meno matano. Kwenye mbao ngumu zilikuwa zinaruka-ruka, zinaacha kikombe chenye kona-kona, si duara. Kichwa cha visi kikawa kinakaa juu ya zile kona tu. Mvua ikanyesha, jua likawaka, mbao ikavimba na kusinyaa, visi zikalegea. Usiku mmoja mguu wa meza ukaachana na fremu, kahawa ikamwagika kwenye matope. Tuliiokota na kuiosha, lakini haikurudi tena kuwa kahawa ya daraja la kwanza. Hasara ile haikuwa ya fundi peke yake. Ilikuwa ya kila mama na kila baba aliyeleta matunda siku ile.

Wengine wanasema: basi turudi kwa misumari. Mimi nasema hapana. Meza ya visi, msimu ukiisha, unaifungua na kuiweka ndani. Mguu ukiliwa na mchwa, unabadilisha ule mguu tu. Ukiwa na misumari, kuing'oa ni kupasua mbao.

Wengine tena wanasema: tumia meshi kubwa ya kawaida. Nilijaribu. Ncha ya meshi nyingi iko na pembe ya nyuzi 118, na kichwa cha visi zetu za milimita kiko na nyuzi 90. Kichwa kinagusa chini tu, pembeni kunabaki nafasi, na maji yanaingia humo. Tena meshi kubwa inajivuta yenyewe ndani ya mbao. Unashtuka, imekwisha kupita kiasi.

Kwa hiyo, ukitumwa dukani, usiulize bei kwanza. Angalia mambo haya:

Pembe. Beba daftari. Kona ya karatasi ni nyuzi 90. Weka ncha ya freze juu ya kona ile: kama kingo zake zinafuata kingo za karatasi, pembe iko sawa. Freze zilizotengenezwa kwa visi za Marekani ziko na nyuzi 82. Hizo hazifai kwa visi zetu.

Meno. Kwa mbao, na kwa mashini ya kushika mkononi, chagua yenye jino moja, au ile isiyo na meno lakini iko na tundu la mshazari kichwani. Hizo zinakata polepole, haziruki, zinaacha duara safi.

Chuma. Tafuta alama ya HSS kwenye shina. Kisha pitisha jino juu ya ukucha wako kidogo: likiparuza unga mweupe, linakata. Likiteleza, rudisha.

Upana. Visi ya milimita 4 iko na kichwa cha milimita 8 hivi. Freze ya milimita 12 inatosha.

Shina. Penye hakuna umeme, chukua yenye shina la pembe sita, ambayo unaweza kufunga kwenye mpini wa turnavisi na kuzungusha kwa mkono.

Na ukiisha kuipata, usiikimbize. Toboa kwanza tundu jembamba, milimita 3 kwa visi ya milimita 4 kwenye mbao ngumu. Zungusha freze polepole. Kisha geuza visi kichwa chini, ukiweke kwenye kikombe: kikiingia sawasawa, simama hapo. Kuendelea ni kupunguza nguvu ya mbao.

Najua neno la kamati: freze nzuri ni bei kali. Ni kweli. Lakini zile tano za bei ya chini tulizinunua, zikachakaa ndani ya msimu mmoja, na bado tukapoteza kahawa. Mnunuzi wa kahawa hakutuuliza tulihifadhi makuta ngapi kwenye vyombo. Aliangalia kahawa, akashusha bei.

Ombi langu ni hili. Kabla ya mavuno yanayokuja, kamati inunue freze mbili nzuri, si zaidi. Ziwekwe kwenye depo, na kila anayezichukua aandike jina lake. Na siku ya kununua, fundi aende pamoja na mweka-hazina. Mmoja anajua hesabu, mwingine anajua chombo. Wakienda wote wawili, hatutaokota tena kahawa kwenye matope.