Ghorofa Bila Mwanga Si Maendeleo

Wasee, tuongee ukweli kuhusu keja zetu. Matangazo ya nyumba Kilimani yanatuuzia "maisha ya kisasa": maduka chini, makao juu. Manze, hiyo Pipeline wamekuwa nayo kitambo! Ukishuka ngazi unapata mama mboga, kinyozi na M-Pesa. Hulipi nauli kununua sukuma. Hapo tumeweza.

Kile tumekosa ni mwanga na hewa. Ploti inajengwa mpaka ukingoni, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na saa sita mchana bado umewasha stima. Halafu tunaambiwa ati kujenga kwa kujali mazingira ni mambo ya matajiri.

Mimi nakataa. Nairobi iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Haihitaji kiyoyozi. Inahitaji madirisha yanayotazama kaskazini na kusini, ili jua la jioni lisikuchome, na ua katikati ya jengo upitishe upepo. Maji je? Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 50, hizo ni kama lita 10,000. Zinapotelea mtaroni, kisha tunanunua mitungi.

Najua, ua utamnyima landilodi vyumba kadhaa. Lakini kodi tunalipa sisi, na hilo giza tunalilipia kwa tokeni. Ukienda kutafuta keja, enda mchana, uzime taa kwanza. Usipoona kitu, mwambie landilodi kwa nini huichukui.