Kidonge cha Jirani

Tukitoka kwenye kikundi huwa tunasimama nje kujuliana hali, na siku hizi tunaulizana hata dawa. "Mimi nimepewa hiki, wewe je?" Mwenzetu mmoja alisikia kwamba kidonge cha jirani yake kinashusha sukari upesi kuliko chake. Alikiomba, akakimeza. Siku hiyo alikuwa amefunga. Kabla ya saa sita mchana alikuwa akitetemeka na kutokwa jasho jingi, na maneno yake hayaeleweki vizuri. Tunashukuru Mungu aliweza kunywa maji ya sukari, akarudiwa na fahamu zake.

Chake yeye ni metformini, ambayo hulizuia ini lisimwage sukari nyingi mno katika damu. Ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, ingawa siku za kwanza huweza kuvuruga tumbo. Cha jirani ni glibenklamidi. Hicho hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula au hujala, tena huelekea kuongeza uzito. Jirani hakukosea kukitumia; daktari alimpimia yeye.

Zipo dawa nyingine zinazosaidia na moyo. Empagliflozini hutoa sukari kwa njia ya mkojo, na utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya moyo kwa wagonjwa wa kisukari wenye maradhi ya moyo. Lakini huweza kuleta fangasi sehemu za siri, jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja kliniki. Tulitaje. Semaglutidi ni sindano ya mara moja kwa wiki. Marekani iliikubali mwaka 2017 kwa kisukari, kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 kwa unene, kwa jina la Wegovy. Hupunguza hamu ya kula, ila ukiiacha kilo nyingi hurudi. (Na bei yake, jamani!) Anayetaka mtoto aiache angalau miezi 2 kabla ya kushika mimba.

Kabla ya kufunga, twende kliniki na paketi zetu zote, hata za presha, tuulize kama yatupasa kufunga, na ni dawa ipi ibadilishwe siku hiyo. Mchungaji wa yule mwenzetu, alipopata habari, alimwambia ale asubuhi kisha aje kuomba na wengine. Sasa huja na chupa yake ya uji.