Grisi Kabla ya Kuzama



Wapendwa waamini, juma hili tuliitembelea familia iliyomaliza matanga ya baba yao, aliyekuwa fundi mitambo hapa Mwanga kwa miaka mingi. Sanduku lake la kazi halikuwapo tena. Spana, tupa, jiliwa na nyundo zake zilikwisha kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Vijana wake hawakukusudia kumvunjia heshima marehemu; walidhani kutu ndiyo mwisho wa chombo.

Sisi wa Kigoma hatuna udhuru wa kudhani hivyo. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitwaliwe na adui. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mitambo hiyo ilikuwa ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Waliopaka grisi hawakujua ni nani angefaidi kazi yao.

Hatumlaumu mjane auzaye kwa sababu ya njaa. Hata hivyo, bei ya chuma chakavu huisha kwa siku chache, ilhali spana iliyotunzwa humlisha kijana miaka mingi. Tena spana za kale za inchi bado zahitajika: mashine nyingi za zamani hazikubali za milimita, ambazo hula pembe za nati.

Kuzifufua si kazi ya gharama. Ziloweke usiku kucha katika mafuta ya taa, zisugue kwa brashi ya waya, zikaushe, zipake mafuta, na nyundo itiwe mpini mpya. Msitumie mashine ya kusagia, maana hufuta chapa ya kiwanda na herufi alizochonga mwenyewe marehemu.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka Mei mosi kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Tunamheshimu vipi seremala wa Nazareti, huku tukiuza kwa mizani jasho la baba zetu? Kabla ya kumwita mnunuzi, mwiteni kwanza fundi mzee na kijana mmoja asiye na kazi, walifungue sanduku pamoja.

Mungu awabariki.