Piza ya Kugandishwa na Mvinyo wa Rafu ya Chini

Ijumaa iliyopita, nikiwa nimechoshwa na kusahihisha mitihani, mimi na mke wangu tuliipamba piza ya kugandishwa. Vitunguu na pilipili hoho tulivikaanga kwanza, kwani mboga mbichi hutoa maji na kuulowesha mkate wake. Majani ya mrehani yakangoja hadi ilipotoka kwenye oveni. Raha ya wavivu, nakiri.

Kilichonikera ni chupa. Dukani, mvinyo wa Afrika Kusini ulipangwa usawa wa macho. Wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, uliachwa rafu ya chini kabisa, ukipigwa vumbi. Ndugu zangu mnaoutumikia umma na kuhubiri uchumi wa viwanda, katika hafla zenu humiminwa mvinyo upi?

Niliinama, nikauchukua wa Dodoma.